Badra na Mwili Wake: Uhakiki wa Riwaya ya L'Amande

Riwaya ya L'Amande, yaani "Lozi", ilitolewa Paris mwaka 2004. Mwandishi wake, mwanamke Mwislamu wa Afrika Kaskazini, alijificha nyuma ya jina Nedjma, maana yake nyota. Kujificha huko nako ni sehemu ya ujumbe wa kitabu.

Badra, binti wa kijiji cha Imchouk nchini Moroko, anaozwa akiwa na miaka 17 kwa Hmed, mwanamume aliyemzidi sana umri. Kabla ya harusi ubikira wake unakaguliwa kama bidhaa sokoni. Baada yake hakuna amwulizaye neno. Anatorokea Tangier kwa Selma, jamaa yake, na huko daktari Driss anaziamsha hisia ambazo ndoa ilizizima.

Uwazi wa lugha utawakera wengi, na kweli kurasa kadhaa zinarudia tendo lile lile pasipo kumkuza mhusika. Lakini kasoro kubwa ni nyingine: uhuru wa Badra unafundishwa na mwanamume tajiri asiye mwaminifu. Kwa hiyo Badra hawi huru anapompata Driss, bali anapoweza kumwacha.

Msomaji asiharakishe kuuhukumu Uislamu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimwagiza mume ajali haja ya mkewe kitandani. Na mwaka 2004 huo huo Moroko ilipandisha umri wa binti kuolewa hadi miaka 18. Nedjma anashitaki mila inayomnyamazisha mwanamke na kulifanya jina la Mungu kuwa pazia.

Je, sisi tu safi? Tumeona binti mwenye mimba akitengwa na Meza ya Bwana, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya. Wimbo Ulio Bora, ambamo mwanamke ndiye atanguliaye kusema, hatuuhubiri. Katika 1 Wakorintho 7:4 Paulo anampa mke amri juu ya mwili wa mumewe, sawasawa na mume. Sisi tumezoea kusoma nusu ya kwanza tu.

Njia yote ya Badra hatuwezi kuipokea, kwa kuwa Kanisa hufundisha kwamba upendo wa mwili una makao yake katika agano. Lakini agano ambalo mmoja hakuulizwa si agano. Mchungaji afungishaye ndoa na amwulize bibi arusi mapema, faraghani, wazazi wakiwa mbali.