Sifa kwa Mchapa Hundi

Kando ya mto Ruvuma, pale Namoto, mpakani mwa Msumbiji na Tanzania, fedha ina sura mbili: shilingi inayovuka kutoka Kilambo na Mtwara, na metikali inayopanda kutoka Palma. Mwenye kubadilisha fedha akipewa noti huinyoosha, huipapasa, huiinua juani, ndipo aitie mfukoni. Noti hujulikana kwa mkono. Hundi je? Hundi ni karatasi inayodai kwamba fedha ziko kwingine, katika akaunti ya mtu ambaye pengine hujapata kumtia machoni. Aliyeichapa amebeba mzigo mzito kuliko tunavyodhani, na sijasikia mtu akimsifu. Tunasifu wachonga vinyago wa Kimakonde, na wanastahili. Leo nataka kumsifu mchapa hundi.

Nchi hii imeshawahi kuona chapa ikigongwa juu ya chapa. Kipande hiki cha Kionga, ambamo Namoto imo, kilishikwa na Wajerumani mwaka 1894, na Wareno wakakitwaa Aprili 1916, vita vikiendelea. Hawakungoja kuchora stempu mpya. Walichukua stempu za Lourenço Marques, wakazigonga neno KIONGA pamoja na thamani mpya, na mambo yakaenda. Lilitosha jicho la karani wa posta. Mchapa hundi wa leo hana bahati hiyo, maana msomaji wake mkuu ni mashine isiyo na jicho.

Chukua, kwa mfano, hundi ya benki yoyote ya Kenya uitazame chini kabisa. Kuna ukanda mtupu wa milimita 16 hivi, hauna ua, hauna picha, na ndani yake umepita mstari mmoja wa tarakimu zenye umbo la ajabu. Sifuri ni mstatili. Moja ina kisigino kizito. Nane imenona kuanzia kiunoni kwenda chini. Katikati ya tarakimu kuna vijialama vya vijiti na vijisanduku vinavyoonyesha namba ya benki inaanzia wapi na ya akaunti inaanzia wapi. Mtu asiyejua atasema mwandiko ni mbaya. Mimi naona ni katika herufi nzuri kabisa zilizowahi kuchorwa, kwa kuwa hakuna unene hata mmoja uliowekwa bure.

Mwandiko huo unaitwa E-13B. Ulizaliwa Marekani, miaka ya 1950, wakati Bank of America ilikuwa ikizama katika hundi. Benki zilifunga milango saa nane mchana ili makarani wapate muda wa kuingiza hesabu za siku. Benki hiyo ikaenda kwa Taasisi ya Utafiti ya Stanford kutafuta mashine, nayo ikaonyeshwa hadharani mwaka 1955 kwa jina la ERMA. Kazi ya tarakimu za sumaku iliongozwa na Kenneth Eldredge. Hundi hugongwa mihuri, huandikwa pembeni, hudondoshewa chai. Wino wa kawaida ukifunikwa, umepotea. Ukitia chembe za oksidi ya chuma ndani ya wino, mhuri unaweza kukaa juu ya namba na sumaku bado ikasoma chini yake. Mwaka 1958 Chama cha Mabenki cha Marekani kikaukubali mwandiko huo. Ufaransa, kampuni ya Bull ilikuwa na jibu lake, CMC-7, ambapo kila tarakimu hukatwa vijiti saba vya wima. Ni werevu, nakiri, ila sura ya E-13B imenishika zaidi.

Usomaji wenyewe uko hivi. Hundi hupita kwa kasi mbele ya sumaku, chembe za chuma zikapata nguvu, kisha ikapita mbele ya kichwa cha kusomea chenye ufa mwembamba. Tarakimu huingia kwa upande wake wa kulia. Kila ukingo wa wima ukipita, umeme hupanda au hushuka, na kila tarakimu huacha wimbi lake. Ndiyo maana moja ina kisigino na nane ina makalio: uzito wa wino katika kila safu ndio unaotofautisha wimbi na wimbi. Unene wa mistari huhesabiwa kwa vipande vya sehemu 13 za elfu ya inchi, yaani theluthi moja ya milimita. Tarakimu nane hukaa katika inchi moja, na zikisogeleana au kuachana kwa zaidi ya robo ya milimita, mashine ina haki ya kuikataa hundi.

Sasa mweke mchapaji hapo. Wino ukizidi, ukingo unafura na wimbi linavimba. Wino ukipungua, tarakimu inatoboka katikati. Tone dogo la wino wa sumaku likiruka hadi mahali patupu, mashine inasikia kitu ambacho hakuna mtu anayekiona. Nguvu ya ishara hupimwa kwa asilimia ya kipimo rasmi: chini ya 50 haifai, juu ya 200 haifai. Na karatasi nayo ina tabia zake. Kwenye hewa ya pwani, iwe Mombasa au Mtwara, karatasi hunywa unyevu na kutanuka, hasa kwa upande unaokatiza nyuzi zake. Fundi anayejua kazi huiacha karatasi chumbani ipumue kabla haijaingia mtamboni, tena huangalia nyuzi zimelala upande gani. Mteja hataliona hilo kamwe. Ataliona siku hundi yake itakaporudishwa, na hata hapo atailaumu benki.

Ila kinachonivuta zaidi ni hesabu. Uchapaji wote mwingine hujisifu kwa kufananisha: nakala ya elfu iwe sawa na ya kwanza. Katika hundi, karatasi mbili zinazofanana ni kesi ya polisi. Namba ya juu pembeni lazima iwe ileile ya mstari wa chini, na kila karatasi isogee kwa moja, bila kuruka wala kurudia. Iliyoharibika haitupwi kapuni. Inahesabiwa kama nzima, inaandikwa, halafu inateketezwa mbele ya mashahidi. Sijui kazi nyingine ya chapa ambamo takataka hulindwa namna hiyo.

Juu ya ukanda ule mtupu ndipo fundi anaporuhusiwa kuremba, na hapo hugombana na watu wa masoko wanaotaka twiga mkubwa katikati. Anachokitaka yeye ni nakshi za mistari myembamba inayopishana bila kukatika, kazi ya subira kama vitundu vya kofia ya mkono ya Lamu. Mstari wa kutia saini, ukiuweka chini ya kioo cha kukuzia, unageuka kuwa maneno madogo mno ambayo mashine ya fotokopi huyavuruga. Wino wa mandharinyuma huchujuka mwizi akijaribu kufuta jina kwa dawa. Vyote hivyo ni mitego iliyovaa nguo ya sikukuu.

Nairobi iliweka mitambo ya kusoma na kuchambua hundi mwaka 1998. Agosti 2011 Kenya ikabadili utaratibu tena: hundi ikakoma kusafiri, ikawa inapigwa picha na picha ndiyo inayotumwa. Mchapaji akapata bwana wa pili. Nakshi iliyompendeza mteja ikawa doa jeusi linalomeza kiasi kilichoandikwa, hivyo rangi zikabidi zipauke na nafasi ya tarakimu iwe safi. Ufundi wa kupunguza ni mgumu kuliko wa kuongeza, na wachapaji wengi waliumudu bila kulalamika hadharani.

Najua hundi inaondoka. Namibia iliiacha mwaka 2019, Afrika Kusini ikafuata mwishoni mwa 2020. Huku Cabo Delgado, mkoa wenye Namoto na Palma, Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu walikimbia na walichoweza kubeba, na tawi la benki halibebeki. Simu inabebeka, ndiyo maana imeshinda, na silalamiki. Lakini kila simu inayotuma fedha inategemea jambo ambalo wachapaji hawa walilifanya kwanza kwa chuma na karatasi: kuandika namba ambayo mashine ngeni, katika mji mgeni, itaisoma bila kumjua mwandishi.

Basi msomaji, ukipewa hundi, usiikunje kwa chini, usiibane pini kwenye ukanda ule mweupe, wala usiandike hapo namba yako ya simu. Pana mtu aliyehangaika ili pabaki patupu.