Pazia na Utaji

Twaandika haya kwa sababu ya kosa moja la darasani. Mwanafunzi wetu, aliyepewa sura ya 27 ya Mathayo katika Kiingereza aifasiri kwa Kiswahili, aliandika kwamba Bwana wetu alipokufa, utaji wa hekalu ulipasuka. Wenzake wakacheka, wakamwuliza hekalu lilikuwa bibi arusi wa nani. Tulipokitazama kijitabu cha maneno alichokitumia, tuliona "veil" imefasiriwa utaji na "curtain" pazia, basi, pasipo maelezo. Kosa si la kijana.

Maneno hayo mawili ya Kiingereza ni jamaa, wala si pacha. "Curtain" ni kitu cha nyumba: nguo itundikwayo dirishani, mlangoni au kitandani. "Veil", ambayo asili yake ni neno la Kilatini velum, hutazama zaidi kile kinachofichwa, kiwe uso wa mtu au mahali patakatifu. Ndiyo maana mwanamke wa Kiingereza aingiapo utawani husemwa kuwa ametwaa "veil". Hakuna asemaye ametwaa "curtain". (Nasi twamwita mtawa, kwa neno lile lile la kutawa, yaani kukaa ndani bila kuonekana na watu.)

Kiswahili hakigawanyi hivyo. Chetu ni hiki: cha usoni ni utaji, cha kutundikwa ni pazia. Wafasiri wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 waliishika njia hii. Musa alitia utaji usoni. Hekalu lilikuwa na pazia. Katika hili twasimama pamoja na Wayunani, ambao nao wana maneno mawili, kalumma la uso na katapetasma la hekalu, ambapo tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina moja tu. Wala si jambo dogo. Utaji huondolewa na mwenye uso, kama Musa alivyouondoa kila alipoingia mbele za Bwana, na juu ya hilo Paulo alijenga hoja yake yote katika sura ya 3 ya Wakorintho wa Pili. Pazia la patakatifu halikuwa la mtu kuliondoa. Kuhani mkuu peke yake alipita nyuma yake, mara moja kwa mwaka. Likipasuka, njia imefunguka. Anayeyachanganya haya mawili hupoteza mafundisho mawili.

Hata hivyo hatuwezi kusifu kila kitu. Katika Kutoka sura ya 26 yako mapazia kumi ya kitani, kila moja dhiraa 28 kwa urefu na dhiraa 4 kwa upana, yaliyounganishwa kwa matanzi yakawa maskani yenyewe. Kisha yuaja mwandishi na pazia jingine, lenye makerubi, la kutundikwa juu ya nguzo nne ili kutenga patakatifu na patakatifu pa patakatifu. Waebrania wana yeria kwa yale, na parokheti kwa hili. Waingereza husema "curtains" na "veil". Sisi twasema pazia na pazia, na msomaji asiyeangalia hudhani ukuta na kizuizi cha ndani ni kitu kimoja.

Lakini tafsiri ya Kiingereza iitwayo Revised Standard, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1946, ilichagua "curtain" katika Mathayo na Waebrania, na baadaye ikaacha "veil" katika Kutoka. Hapo Mwingereza ndiye aliyepata hasara, kwa kuwa hawezi tena kusikia kwamba kilichopasuka ni kile kile kilichotundikwa jangwani. Mswahili husikia mara moja.

Katika kijitabu kile sasa tumeandika kwa wino, mbele ya "veil": utaji, ikiwa ni ya uso, ikiwa ni ya hekalu, pazia la ndani.