Mguso Mmoja wa Hugo Sánchez

Msimu wa 1989-90 Hugo Sánchez, mshambuliaji wa Real Madrid kutoka Mexico, alifunga mabao 38 katika ligi kuu ya Hispania, na yote 38 aliyafunga kwa mguso mmoja. Hakutuliza mpira kwanza ndipo apige, wala hakumlaza kipa kwa chenga. Mpira ulifika, akaugusa, ukaingia wavuni. Kwa idadi hiyo aliifikia rekodi ambayo Telmo Zarra wa Athletic Bilbao aliiweka msimu wa 1950-51, na washambuliaji wote waliokuja Hispania katikati ya miaka hiyo walikuwa wameshindwa kuifikia. Zimo humo penalti na mipira ya adhabu, ambayo kwa kawaida yake hupigwa mara moja. Ziweke kando hizo, na bado unabaki na jambo la kustaajabisha: mtu aliyecheza ligi nzima, katikati ya mabeki wenye viatu vizito na hasira, bila kuhitaji kuugusa mpira mara ya pili.

Kuna usemi uliozoeleka kwamba mfungaji huzaliwa, hafundishwi. Eti bao analinusa tu. Sikubaliani nao. Mabao ya Hugo ni kazi ya fundi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo alikuwa ameshaimaliza kabla mpira haujamfikia.

Fikiria anachojinyima mtu wa mguso mmoja. Anayetuliza mpira anajipa nafasi ya kusahihisha: ukija vibaya ataurekebisha, kipa akisogea atamwona. Anayepiga moja kwa moja hana msamaha huo. Lazima awe ameshajua kipa amesimama wapi, beki anaegemea upande gani, na ni sehemu gani ya mguu itakayokutana na mpira. Yote hayo huamuliwa mpira ukiwa bado kwa winga, umbali wa mita 30.

Kwa hiyo anayetaka kumwelewa Hugo katika picha za zamani asiutazame mpira. Amtazame yeye. Krosi haijapigwa, tayari anaanza kukimbilia mlingoti wa mbali. Beki anamfuata, maana hana budi. Hatua mbili tatu, Hugo anasimama ghafla, anageuza bega na kukata mbele kuelekea mlingoti wa karibu. Beki anapogundua kwamba amedanganywa, wamepishana kwa nusu hatua, na nusu hatua ndiyo yote anayoihitaji. Mara nyingi mguso wenyewe ni mwepesi, wa kuelekeza tu, kwa sababu nguvu inakuwa imeshaletwa na krosi.

Alilelewa katika nyumba ya wanamichezo. Alizaliwa Jiji la Mexico mwaka 1958. Baba yake, Héctor, alikuwa mchezaji wa soka, na dada yake Herlinda alishiriki mazoezi ya viungo katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, michezo ileile ambayo Hugo alikuwamo katika kikosi cha soka cha Mexico. Sarakasi aliyokuwa akiipiga kila alipofunga ilikuwa heshima kwa dada huyo. Klabu yake ya kwanza ilikuwa Pumas, timu ya chuo kikuu cha taifa, na katika chuo hichohicho alisomea udaktari wa meno huku akicheza. Mwaka 1981 alivuka bahari kwenda Atlético Madrid, akavumilia mwanzo mgumu na zomeazomea za majukwaani, hadi akawa mfungaji bora wa ligi mwaka 1985. Mwaka huohuo akahamia kwa mahasimu wao, Real Madrid, na huko akatwaa ubingwa wa ligi mara tano mfululizo.

Sarakasi zake hazikuishia kwenye kushangilia. Tarehe 10 Aprili 1988, Real ikicheza na Logroñés katika uwanja wa Santiago Bernabéu, mwenzake Martín Vázquez alipiga krosi kutoka kushoto. Mpira ulikuwa unapita nyuma ya Hugo. Mshambuliaji mwingine angeuacha, au angejaribu kuugusa kwa kichwa huku akirudi kinyumenyume. Hugo aliligeuzia lango mgongo, akaruka, mwili ukalala hewani, akapiga tikitaka iliyoupeleka mpira kwenye kona ya juu ya goli. Uwanja mzima ukapunga vitambaa vyeupe. Hata hapa, katika bao lake la kuvutia kuliko yote, kanuni ni ileile: mguso mmoja, na hesabu iliyokwisha kufanywa. Ukiwa hewani na lango lipo nyuma yako, huna wa kumuuliza kipa yuko wapi.

Fundi wa kumalizia huishi kwa riziki ya wenzake, na hilo halimpunguzii heshima. Hugo alikuwa na Míchel upande wa kulia, na Butragueño wa kugongeana naye pasi karibu na eneo la hatari. Wao walijua atakapotokea, naye alijua mpira utakapodondoka. Akiwa na timu ya taifa mambo hayakuwa hivyo. Alikwenda Kombe la Dunia mara tatu, mwaka 1978, 1986 na 1994, akafunga bao moja tu, dhidi ya Ubelgiji katika uwanja wa Azteca. Siku chache baadaye, mbele ya watu wake palepale Azteca, penalti yake dhidi ya Paraguay iliokolewa. Wapo wanaomhukumu kwa penalti hiyo. Kwangu inaonyesha jinsi kazi hii ilivyo ngumu: anayejinyima nafasi ya kusahihisha hana pa kujificha siku anapokosa.

Aliondoka Real akiwa mfungaji bora wa ligi mara tano, na hadi alipomaliza kucheza Hispania, jumla ya mabao yake katika ligi hiyo ilifika 234. Lakini ninarudi kwenye umri wake katika ule msimu wa 38, ambao ulimfanya agawane Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya na Hristo Stoichkov. Alikuwa na miaka 31, umri ambao kasi ya straika huanza kumuaga. Yeye ndipo alipofunga mabao mengi kuliko msimu wowote wa maisha yake. Kipaji cha miguu peke yake kisingemfikisha hapo. Alifika kwa sababu kila mwaka aliopoteza mbio kidogo, aliongeza kujua. Kijana anayetaka kuwa namba tisa na aanze na swali ambalo Hugo alilijibu mara 38 msimu ule: kabla mpira haujaja, umeshaamua nini?