Kanda 3 au Ukanda wa 3? Juu ya Tafsiri ya Maandishi ya Paneli za Kengele za Moto

Hivi karibuni ililetwa mbele yetu, ili tuipitie, tafsiri ya mwongozo wa mfumo wa kengele za moto uliokusudiwa kutumiwa na walinzi wa jengo moja la ofisi za umma. Kazi hiyo ina sifa zake. Sentensi ni fupi, amri zaeleweka, na mfasiri ameandika "kihisi moshi" na "kitufe cha kunyamazisha" bila ya kujikwaa. Lakini penye kutambulisha paneli na maeneo, yaani penye kiini chenyewe cha mwongozo, tafsiri imeteleza vibaya.

Tuanze na dhana. Katika jengo kubwa hufungwa paneli kadhaa zilizounganishwa, kila moja ikipokea habari za vihisi vyake na kuzipelekea nyingine. Mlinzi aliye langoni huweza kusoma katika paneli yake habari ya moto uliogunduliwa na paneli ya mrengo wa pili. Basi hana budi kuambiwa mambo mawili pasi na shaka: ni paneli ipi iliyotoa habari, na ni sehemu gani ya jengo inayohusika. Ikiwa kila paneli huhesabu sehemu zake kuanzia 1, namba ya sehemu peke yake haimfai kitu.

Kifaa hicho mfasiri amekiita "jopo". Bila shaka neno alilikuta kamusini. Ila jopo ni kundi la watu walioteuliwa kwa shughuli fulani, na usemi "Jopo la 2 limegundua moto" wamfanya msomaji awatafute wajumbe. "Paneli" latosha, na mafundi wamekwisha lizoea.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya "kitanzi" na "kanda" kana kwamba ni kitu kimoja. Kitanzi, katika rasimu hii, ni waya utokao katika paneli, ukapita kwenye vihisi, kisha ukairudia paneli. (Kwetu sisi kitanzi ni cha kunyongea, "mzunguko wa waya" lingefaa zaidi.) Kanda ni sehemu ya jengo. Mzunguko mmoja waweza kupita katika sehemu nyingi. Kiwango cha Uingereza, BS 5839, chapendekeza sehemu moja isizidi mita za mraba 2,000, na kwa kawaida isivuke ghorofa moja, kwa kuwa kipimo chake ni miguu ya mtu anayekwenda kuutafuta moto, wala si urefu wa waya.

Sasa tulitazame neno "kanda" lenyewe. Vibao vimeandikwa "MOTO: KANDA 3". Tulipokwenda kuvijaribu, mlinzi mmoja mzee alivisoma kwa makini, akatugeukia: "Mwanangu, moto umeshika kanda tatu, na mimi niko peke yangu?" Alisoma sawasawa. Kwa sarufi yetu, jina lililofuatwa na namba bila kiunganishi ni hesabu; cheo katika mpangilio hudai "-a": ukanda wa 3. Tena "kanda", kama wingi wa ukanda, lauzidisha utata huo. Na mtumishi wa serikali aliyezoea Kanda ya Ziwa, akiona "Kanda ya Kati" ukutani, mawazo yatakwenda Dodoma kabla ya kufika kwenye ngazi za katikati ya jengo.

Sisi twapendekeza "eneo". Ni neno pana, twakiri, lakini umoja na wingi wake havifanani, na "Eneo la 3, Paneli ya 2" haliwezi kusomwa kwa namna mbili. Hata hivyo namba haitoshi. Ifuatwe na jina la mahali panapojulikana na watu wa jengo hilo.

Na jina nalo lapasa kuwa la mahali pamoja. Tarehe 15 Aprili 2019, saa 12:18 jioni, paneli ya kanisa la Notre-Dame mjini Paris ilitoa habari ya moto. Kwa mujibu wa uchunguzi wa gazeti la The New York Times wa mwaka huohuo, maandishi yake yalitaja kwa pamoja dari, ukumbi mkuu na sakristia, yakifuatwa na mlolongo wa herufi na namba. Mlinzi alipelekwa darini mwa sakristia, asione kitu. Moto ulikuwa darini mwa kanisa lenyewe, na karibu nusu saa ilipotea. Maneno yalikuwa ya lugha ya wenyeji. Hapakuwa na mfasiri wa kulaumiwa.

Ndiyo sababu hatukuiachia "Ghorofa 1" ya rasimu hii, ambayo wengine huhesabu kuanzia chini na wengine kuanzia juu ya ngazi ya kwanza. Iandikwe "Ghorofa ya chini" panapohusika. "Kosa", lililotumiwa kwa waya uliokatika, liwe "hitilafu".

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na ombi moja: kabla ya vibao kuchapwa, amsomee mlinzi wa zamu kila kimoja, kisha amwombe amwonyeshe kwa kidole mahali atakapokwenda.