Bahari Haitoshi Katika Kioo

Wafugaji wa samaki wa maji chumvi wana msemo wao kwamba tangi la kioo ni bahari ndogo. Wauzaji husema hivyo, na vijitabu vya wanaoanza navyo hurudia. Katika miaka yangu ya kuwafunza walimu nilijifunza kwamba kauli tamu huingia kichwani upesi na kutoka kwa taabu, na hii ni mojawapo. Naiona kuwa ndiyo mama wa makosa karibu yote yanayofanywa katika shughuli hii.

Chukua suala la maji. Mtu anayeamini kwamba tangi ni bahari, akiona kina kimepungua, hujazia maji ya bahari. Lakini kinachopotea hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Piga hesabu, ndugu msomaji. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo tangi la lita 200 lina kilo 7. Tuseme kila siku hupungua lita 2, nawe unarudisha lita 2 za maji ya bahari. Umeongeza gramu 70. Siku 30 zikipita umeongeza zaidi ya kilo 2, na sasa kila lita ina gramu 45 na ushee. Samaki wa mwambani hajaumbwa kwa maji ya namna hiyo. Alichohitaji ni maji safi yasiyo na chumvi, na mwenye tangi alidhani kwamba hayo ndiyo yangemuua!

Usafi nao hupimwa kwa macho. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyo na rangi. Viumbe wasioonekana huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Viumbe hao huhitaji majuma kadhaa ili waongezeke, na katika majuma hayohayo tangi jipya hung'aa kuliko litakavyong'aa tena. Ndipo watu hulijaza samaki. Wengine hutia kwanza samaki wagumu wachache “wa kufungulia tangi”, wateseke kwa niaba ya wenzao. Hakuna haja, viumbe wale hawaulizi amonia imetoka wapi, na yaweza kutiwa bila samaki. Huambiwa pia kwamba konokono na kamba watakula uchafu wote. Hula mwani na masazo, ni kweli, lakini nao huenda haja.

Hapa hata wataalamu walipitiwa. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba anayeondoa nitriti katika matangi ni bakteria aitwaye Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichunguza matangi ya maji yasiyo na chumvi wakakuta kazi hiyo inafanywa na jamaa za Nitrospira. Mwaka 2005 ikatangazwa kwamba katika tangi la maji chumvi la jumba la samaki la Seattle amepatikana kiumbe anayekula amonia ambaye si bakteria kabisa, bali ni wa kundi la arkea. Akaitwa Nitrosopumilus maritimus. Wataalamu waliuliza upya wakajisahihisha, na siwalaumu. Nawalaumu waandishi wa vijitabu waliokuja baadaye wakaendelea kunakili somo la zamani, kama mwalimu anayefundishia daftari la mwaka aliohitimu.

Matumbawe hununuliwa kama jiwe la pambo au kama ua. Kumbe ni mnyama anayejijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya mwili wake mwana mwani mdogo mno unaomtengenezea chakula kwa nuru. Aliyesikia habari ya nuru naye huvuka mpaka, akadai kwamba taa inatosha. Matumbawe mengi hunyosha minyiri usiku kukamata vijidudu, na yote yanayojenga mawe huvuta kalisi kutoka majini. Lita ya maji ya bahari ina miligramu 420 hivi za kalisi, na bahari haiishiwi. Tangi huishiwa, na asiyeirudisha huona matumbawe yake yakidumaa. Joto je? Mwaka 1998 bahari yetu ya Afrika Mashariki ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe yaligeuka meupe na mengi yakafa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa, ndoo chache za maji katika sebule yenye joto zitajitetea vipi?

Lakini kinachonikera zaidi ni kipimo cha mafanikio. Mtu hujisifu kwamba anemoni yake, yule mnyama laini mwenye minyiri, “iliishi vizuri mwaka mzima”. Mwaka 1828 Mskoti John Graham Dalyell aliokota anemoni ufukweni North Berwick akaiweka katika chombo cha kioo. Yeye alifariki mwaka 1851. Anemoni ikatunzwa na wengine, ikafa mwaka 1887, bila taa wala pampu ya umeme. Ni kweli, ilikuwa ya aina sugu ya pwani ya baridi, na zile za miamba yetu hudai nuru nyingi na maji yasiyoyumba. Hata hivyo, mwaka mmoja si uzee. Tena anemoni hizo hununuliwa kwa ajili ya yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, eti hawezi kuishi bila hiyo. Baharini huihitaji ajifiche adui. Tangini asipokuwa na adui huishi bila hiyo, na akitunzwa vema aweza kupita miaka 20.

Katika hoteli moja ya pwani niliona tangi kubwa na zuri, na bahari yenyewe iko hatua mia mbili kutoka hapo. Nilimuuliza kijana anayelitunza samaki wake hudumu muda gani.

“Mzee, hilo sijui,” alinijibu kwa adabu. “Waliokufa tunawatoa alfajiri kabla wageni hawajaamka, na vijana wa mtumbwi wanaleta wengine kabla ya chai.”