Bunkeya mwaka wa 1891: nani alikuwa analima?

Mwanafunzi wa sekondari hapa Likasi, ukimuuliza Msiri alikufa siku gani, anakujibu mbio-mbio: tarehe 20 Desemba 1891. Ukimuuliza nani alimpiga risasi, anajua: kapiteni Bodson. Hata jina la Masuka, mtu wa Msiri aliyempiga Bodson palepale, wengine wanalijua. Lakini muulize swali ambalo mama wa nyumba angeuliza: ule mwaka, ku Bunkeya, watu walikula nini? Nani alilima? Chumvi ilitoka wapi? Hapo darasa lote linanyamaza. Mmoja mwenye akili atakuambia: «Mwalimu, ile haiko mu kitabu.»

Ana haki, na hiyo njo sababu ya kurasa hizi. Nataka kupima kidogo vitabu na picha ambazo zinatusimulia mwisho wa nchi ya Garenganze: zinasema nini, na zinaacha nini pembeni. Naona kile kinachoachwa ni kikubwa kupita kile kinachosemwa.

1. Nchi ya zamani kupita mfalme wake

Kwanza tukumbushane. Ngelengwa Mwenda, ambaye tunamwita Msiri, alikuwa mwana wa Kalasa, mchuuzi wa shaba kutoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alifika huku katikati ya karne ya 19, akakaa, akaoa, akapata nguvu ya bunduki, na polepole nchi ikawa mkononi mwake. Watu wake waliitwa Bayeke, jina la wawindaji wa tembo. Mji mkuu ulikuwa Bunkeya.

Lakini nchi yenyewe ilikuwa ya zamani kupita yeye. Basanga walikuwa hapa na mashamba yao, na chumvi yao ya Mwashia, na shaba yao. Kalasa alifunga safari ndefu vile juu ya shaba hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa na majira. Mavuno yakiisha na mvua ikikatika, kijiji kilihamia kilimani. Bamama na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyaosha mtoni, wanaume walichimba, wafundi walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu na kuyeyusha kwa makala. Misalaba ya shaba iliyotoka pale njo ilikuwa feza. Askofu de Hemptinne aliandika juu ya kazi hiyo mwaka wa 1926, na tangu pale jina «walaji wa shaba» limebaki mu vitabu.

Basi, masika ilikuwa ya shamba, kiangazi ilikuwa ya shaba na chumvi. Ufalme wa Msiri ulikalia juu ya kalenda hiyo. Haukuiunda, uliikamua tu. Vijiji vilipeleka Bunkeya pembe, chumvi, shaba, chakula, na watu. Pembe na watu waliuzwa, sana sana kwa wachuuzi wa Bihe huko Angola, na malipo yalirudi kama bunduki, baruti na vitambaa.

Kisha, katika miaka ya mwisho, Basanga wakakataa. Wasimuliaji wanaanzisha vita hiyo na kifo cha mwanamke mmoja Msanga, Masengo, aliyeuawa na watu wa upande wa Msiri. Vitabu vya masomo vinaita jambo hilo «uasi wa Basanga» na vinapita. Kwangu, neno uasi ni neno la mwenye boma: linasema paka nani alivunja amri. Kama nchi nzima inaacha kupeleka kodi, inafunga njia, na mfalme mwenye bunduki nyingi anashindwa kuirudisha, tuko mbele ya mapinduzi. Hayakuwa na bendera wala hotuba. Yalifanywa na walimaji.

2. Wageni wenye kalamu

Mzungu wa kwanza kukaa Bunkeya alikuwa mmisionari wa Scotland, Frederick Stanley Arnot. Aliishi pale toka 1886 mpaka 1888, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1889. Tumshukuru, kwa sababu alikaa. Hakupita tu kama wapimaji wa nchi. Alipokea watoto waliotolewa utumwani, alitembea vijijini, alijua njaa na homa za mahali. Lakini msomaji anapofunga kitabu chake, ni nini kinabaki kichwani? Ni mafuvu ya watu juu ya miti ya boma la Msiri. Arnot hakuyatunga, wengine nao waliyaona. Ila aliwaandikia Wakristo wa kwao ambao alitaka wasaidie misioni, na kwa wasomaji vile fuvu moja linazungumza kwa sauti kupita mashamba mia. Alikuwa karibu na chungu kinachochemka, lakini msomaji wake alitaka kuona boma.

Wa pili ni Joseph Moloney, mganga wa msafara wa Stairs, ule uliofika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891 kwa ajili ya mfalme Leopold. Kitabu chake ni cha 1893. Moloney aliona njaa. Anaiandika bila kuificha: msafara haupati chakula, wapagazi wanadhoofika na kufa, Stairs mwenyewe anaugua. Lakini angalia vile anavyoiandika. Njaa ya Bunkeya imekuwa njaa ya msafara. Watu wa mji, ambao walikuwa na njaa mbele wageni wafike na waliobaki nayo wageni walipoondoka, wanaonekana paka kama watu wasio na kitu cha kuuza.

Ndugu msomaji ambaye unalima, hata kama ni shamba dogo nyuma ya nyumba, tafadhali tusome tarehe hiyo pamoja. Katikati ya Desemba! Hata mwaka wa amani, ule ni wakati mbaya: akiba ya mwaka uliopita inaisha, mihindi mipya bado. Kama mwezi wa Oktoba na Novemba mama aliogopa kwenda shamba la mbali, au waliolima kwa nguvu wamekimbia, basi mwezi wa Machi hakuna kitu pa moto. Njaa ambayo Moloney aliikuta haikuanguka toka mbinguni. Ilipandwa miezi na miezi mbele yake, siku ambayo mashamba yaliachwa na njia za chumvi na chakula zikakatwa. Ushahidi mkubwa wa mapinduzi uko mu kitabu chake mwenyewe, na yeye aliuhesabu kama shida ya usafiri.

3. Kitabu cha wenyewe

Watu watasema: hao ni Wazungu, tusome wenyewe. Vema. Tuko na «Pages d'histoire yeke» ya Mwami Antoine Munongo Mwenda, iliyotoka Lubumbashi mwaka wa 1967. Ni kitabu cha lazima. Ndani yake Bayeke wanajisimulia wenyewe, na kumbukumbu ambazo zingekufa na wazee zimebaki. Mwalimu wa historia ambaye hakukigusa, ana deni.

Lakini ni sauti ya jamaa ya kifalme, na sauti hiyo inatoka ndani ya boma. Kutoka pale, adui anaonekana akija. Hauoni kwa nini aliondoka nyumbani kwake. Ukoo, vita, urithi, vyeo: yote iko wazi. Mtu aliyebeba kikapu cha chumvi toka Mwashia mpaka Bunkeya, akakiacha pale bila malipo na kurudi na kichwa kitupu, huyo hana ukurasa wake. Silaumu mwandishi, alifanya kazi ya mtoto wa nyumba ile. Lawama ni yetu, sisi wa nyumba zingine, tuliongoja mwingine atuandikie.

4. Brashi ya Tshibumba

Tuende kwa picha. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka wa 1947, alichora historia nzima ya Zaire katika picha karibu mia moja, akazieleza kwa Kiswahili chetu hiki hiki mbele ya profesa Johannes Fabian, ambaye alizitoa kitabu mwaka wa 1996. Msiri na Bodson wako ndani. Ni kazi ya nguvu: msanii wa mtaani anajiita mwanahistoria, na anastahili jina hilo.

Hata hivyo, mtazamaji anabeba nini toka picha za Bunkeya? Mfalme, Mzungu, kifo, na hadithi ya kichwa kilichokatwa na kuchukuliwa. Hapo naona ajabu moja. Zile picha zinazoitwa «Colonie belge», ambazo Tshibumba na wenzake walizichora mara nyingi, zinaonyesha uwanja wa jela, mfungwa anapigwa fimbo, askari amesimama. Na mara nyingi, pembeni, kuna wanawake waliowaletea wafungwa chakula. Wachoraji wetu walijua basi kwamba ukitaka kuonyesha utawala mgumu, chora na sahani ya bukari karibu na fimbo. Kwa nini akili hiyo haikurudi nyuma mpaka Bunkeya? Nafikiri ni kwa sababu jela ya Wabelgiji waliijua toka kwa baba na mama zao, lakini Bunkeya waliipokea toka kwa masomo. Na masomo yaliwapa mfalme tu.

5. Tembo na majani

Sisi walimu tunapenda kufunga somo hilo na methali: tembo wakipigana, majani njo yanaumia. Ni methali nzuri, na wakati ule watu wadogo waliumia kweli. Lakini hapa inatupotosha. Inasema kwamba Msiri na Leopold walikuwa wachezaji, na wengine wote walikuwa uwanja. Mambo yenyewe yanasema ingine. Alfred Sharpe alifika mwaka wa 1890 na mkataba wa Waingereza, Msiri akamfukuza. Mwaka wa 1891 Le Marinel alifika, akaacha kituo Lofoi. Delcommune alifika, naye hakupata bendera yake ikubaliwe. Stairs alipofika Desemba, mfalme yule yule alikuwa na baruti kidogo, na mji wenye njaa. Kati ya hizo tarehe, ni nini kilichobadilika? Vijiji vilikuwa vimekataa. Risasi ya Bodson iliangusha mti ambao mizizi yake ilikatwa na walimaji.

Tusipambe mambo, lakini. Mapinduzi hayo hayakuwapa walimaji nchi. Ilichukuliwa na Bula Matari, na Mukanda Bantu, mrithi wa Msiri, akafanya kazi pamoja naye. Basanga wengine waliendelea kupigana mpaka mwisho wa karne: Mulowanyama na watu wake walizingirwa pangoni na kufia mle. Na Bunkeya? Watu wengi waliokuwa wamekusanywa pale kwa nguvu waliondoka, kila mmoja kwa njia ya kwao. Mateka aliyerudi kijijini mwake mwaka wa 1892, ndugu zangu, kwake yeye siku ile ilikuwa nini? Msiba wa nchi au sikukuu? Hakuna kitabu hata kimoja kati ya nilivyotaja kinachomuuliza.

6. Faida yake kwetu

Mtu anaweza kusema: mwalimu, tuna shida za leo, mambo ya mwaka wa 1891 yatatujaza tumbo? Nitamjibu kwa jambo ambalo Likasi inalijua. Mwaka wa 1992 na 1993, maneno mawili, «mwenyeji» na «mgeni», yalitosha kutoa majirani mu nyumba zao. Familia zilizozaliwa hapa zililala pa gare miezi na miezi, zikingoja treni ya Kasai, na wengi walikufa pale pale. Tukisimulia Bunkeya kama vita ya Basanga wenyeji na Bayeke wageni, tunawafundisha watoto wimbo ule ule na midundo mingine.

Tukiisimulia kwa shamba na chungu, wimbo haukubali. Tunaona Bayeke walioa kwa Basanga, watoto wakanyonya lugha ya mama, mpaka leo Bunkeya wanasema Kisanga. Tunaona Mluba aliyeletwa mateka akilima pamoja na Mlamba. Tunaona kwamba aliyekamuliwa na aliyekamua hawakugawanyika kwa kabila peke yake: mke mdogo ndani ya boma alikuwa na njaa kama mbebaji wa nje. Aliyeumia alikuwa yule asiyekuwa na neno juu ya mavuno yake. Mtoto akielewa hilo juu ya Bunkeya, anaweza kulielewa juu ya Shituru na Kambove bila kumtafuta jirani wa kufukuza.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu walimu: tusitupe vitabu hivi. Tuvisome na maswali ya jikoni. Pa kila ukurasa tuulize: ni mwezi gani? Mvua inanyesha? Nani amebeba, nani amelima, nani amekula? Tuwatume wanafunzi kwa bibi zao wa upande wa Mwashia na Bunkeya, wasiulize tu juu ya wafalme, waulize juu ya chumvi, mbegu na njia.

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, watu wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, na ni vema kumkumbuka. Siku zile njia iko ya matope, na mihindi mashambani bado midogo. Mwalimu anayekwenda pale na wanafunzi wake, asimamishe gari kidogo pa shamba mbele ya kufika kaburini, awaulize swali lile moja: hapa, mwaka ule, nani alikuwa analima?