Mji Usio na Mtenda: Sanaa ya Bodys Isek Kingelez na Uchumi wa Mzunguko

Kazi za Bodys Isek Kingelez (1948-2015) husifiwa zaidi kwa fani kuliko kwa maudhui. Fani yake yajulikana: miji midogo ya kufikirika, iliyojengwa kwa karatasi, maboksi, vifungashio vya bidhaa na vizibo vya chupa. Kwa hiyo ni rahisi kumchukua msanii huyu kuwa mwalimu wa uchumi wa mzunguko, yaani uchumi ambao kitu kilichokwisha kazi hakitupwi, bali hurudishwa kutumika.

Rai hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kingelez alihamia Kinshasa mwaka 1970. Kazi yake kubwa, Ville Fantôme (1996), ilifuata uporaji wa 1991 na 1993 ulioharibu viwanda na maduka ya mji huo. Kusimamisha mnara kwa boksi wakati ule hakukuwa mchezo wa rangi. Kulikuwa kudai kwamba mji uliovunjwa waweza kufikiriwa upya.

Hata hivyo, mambo mawili yanakosekana. Kwanza, miji hiyo haina watu. Mwokota chupa, mnunuzi wa vyuma chakavu, fundi anayegeuza bati kuukuu kuwa mbabula: hakuna hata mmoja barabarani. Husemwa mara nyingi kwamba "taka hutumika tena". Kitenzi hicho, kwa kiambishi chake -ik-, hakimhitaji mtenda; kazi yaonekana kujifanya yenyewe. Miji ya Kingelez hutamka sentensi hiyo hiyo kwa karatasi. Kitu kimepewa heshima, mkono uliokiokota umesahauliwa.

Pili, mzunguko haufungi. Huko Lubumbashi, mbabula iliyotoboka yaweza kurudi kwa fundi, naye akapata kipande cha kutengenezea nyingine. Miji ya Kingelez ilipata sifa zake kubwa ugenini: Paris mwaka 1989, New York mwaka 2018. Njia hiyo Wakatanga waijua kwa shaba: kutoka, bila kurudi.

Kasoro hii haiondoi thamani ya sanaa yenyewe, kwani ndoto haidaiwi hesabu. Inayodaiwa hesabu ni nadharia inayoichukua ndoto kama mpango wa mji. Kabla ya kusifu kinachotumika, yafaa iulizwe ni nani anayetumia, na kwa ujira gani.